Mnyama wa Meru Asiyewashwa na Pilipili

Msomaji mpendwa, naomba leo nikupeleke kwanza nyumbani kwetu, juu kidogo ya mji wa Runyenjes katika kaunti ya Embu, ndipo tuingie katika habari yenyewe.

Ilikuwa mwezi wa Desemba, wakati wa likizo, jioni yenye ile baridi inayoshuka kutoka Mlima Kenya na kupenya hadi kwenye mifupa. Cucu, yaani nyanya yetu, alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya mafiga, miguu ameinyoosha kuelekea motoni kama ilivyo desturi yake. Sisi wengine tulikuwa tukimenya viazi na kupiga soga. Mara binti yangu wa miaka minane akainua pua na kusema, "Mama, kuna kitu kinaungua." Nikafunua sufuria ya githeri. Haikuwa imeshika. Nikatazama kama kuna mwiko au kitambaa kilichosogea karibu na kuni. Hakuna. Kilichokuwa kikiungua, msomaji wangu, ni mguu wa cucu. Kaa lilikuwa limeruka na kutua kando ya kidole gumba, na yeye alikuwa akiendelea kutusimulia habari za harusi ya jirani bila hata kukunja uso.

Nilipoliondoa kaa lile kwa kijiti alinitazama kwa mshangao. "Kwani kuna nini, mjukuu wangu?"

Kesho yake tulimpeleka kwa daktari. Nilidhani ataanza na kidonda. La! Alimwomba cucu afumbe macho, kisha akatoa kijiti chenye uzi mwembamba wa nailoni, akawa anaugusisha kwenye nyayo zake hapa na pale. "Ukihisi, sema ndiyo." Tulisubiri. Uzi uligusa kisigino, ukagusa chini ya vidole, ukapinda kwa kubonyezwa, na cucu alikaa kimya kama mtu aliye kanisani. Ni mpaka uzi ulipofika juu ya kifundo cha mguu ndipo aliposema "ndiyo" ya kwanza. Amekuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi, na dawa amekuwa akizimeza siku anazokumbuka.

Tangu siku hiyo sijaweza kuutazama uchungu kwa jicho lile la zamani. Sote tunauogopa. Tunapomwombea mgonjwa, tunaomba uondoke. Lakini huyu hapa mama mzee ambaye uchungu umemwondokea kabisa miguuni, na daktari anasema hilo ndilo la kuogopwa zaidi. Nikaanza kutafuta na kusoma kuhusu mambo haya, na katika kusoma nikagundua kwamba mmoja wa mashahidi wakubwa wa sayansi ya uchungu anaishi jirani yetu, kule Meru, chini ya ardhi.

Kabla hatujafika huko, tuelewane kidogo kuhusu ngozi.

Bila shaka umewahi kujikwaa kidole gumba kwenye jiwe. Ukifikiri vizuri utakumbuka kwamba uchungu ule huja mara mbili. Kwanza kuna ule mkali, wa ghafla, unaokufanya uruke. Kisha, kabla hata hujamaliza kusema "mama yangu!", unafuata mwingine, mzito, wa kuchoma na kudunda, ambao hauna haraka ya kuondoka. Sababu ni kwamba habari za uchungu husafiri kwa barabara mbili. Kuna nyuzi za neva zilizofunikwa na gamba la mafuta, ambazo huzibeba habari hizo kwa kasi ya kati ya mita 5 na 30 kwa sekunde. Na kuna nyuzi nyembamba zaidi, zisizo na gamba, ambazo hujikokota kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde au chini ya hapo, sawa na mtu anayetembea au kukimbia polepole. Kutoka kidole cha mguu hadi uti wa mgongo ni kama mita moja hivi. Piga hesabu utaona kwa nini uchungu wa pili huchelewa.

Nyuzi za kuhisi mguso wa kawaida nazo ni nene na zina kasi kuliko hizo zote mbili. Hapo ndipo penye siri ya mama anayemsugua mtoto aliyeanguka huku akimwambia "pole, pole, imeisha." Mwaka 1965, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walitoa nadharia kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu mfano wa lango. Habari za mguso zikifika hapo kwa wingi, lango hufungwa kiasi na habari za uchungu hupita kwa shida. Mambo mengi ya nadharia hiyo yamerekebishwa tangu wakati huo, lakini wazo kuu la lango limebaki. Kwa hivyo kina mama wetu hawakuwa wakimdanganya mtoto.

Na ubongo nao una sauti yake katika jambo hili. Wazee wa Embu na Meru wanajua vizuri kwamba kijana aliyeandaliwa, aliyesimama mbele ya rika lake siku ya kutahiriwa, huweza kuvumilia kisu bila kupepesa macho, ilhali kijana huyohuyo hupiga mayowe akichomwa sindano ya malaria. Kisu si butu kuliko sindano. Ubongo hutuma amri kushuka chini, na mwili una dawa zake wenyewe za kutuliza maumivu, zinazofanana na mofini. John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen, Scotland, walizitambua za kwanza mwaka 1975.

Lakini swali la msingi zaidi lilibaki bila jibu kwa muda mrefu. Huo moto, huo mbano, huo mchomo, unageukaje kuwa habari ndani ya neva?

Jibu lilianzia kwenye pilipili. Mwanafunzi mmoja wa shule ya upili aliwahi kuniandikia akiuliza ni kwa nini mtu akikata pilipili mikono humwaka moto hata baada ya kunawa, na kama kweli pilipili "ina joto." Naomba radhi kwa kuchelewa kumjibu, lakini nadhani atafurahi kujua kwamba swali lake liliwahi kumpatia mtu Tuzo ya Nobel.

Mtu huyo ni David Julius wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Yeye na wenzake walichukua vipande vingi vya jeni zinazofanya kazi katika neva za hisia, wakaviingiza katika seli ambazo kwa kawaida hazijali pilipili, kisha wakawa wanazimwagia kapsaisini, ile kemikali ya pilipili inayowasha. Walikuwa wakitafuta seli ambayo ingeamka. Mwaka 1997 walitangaza kwamba wameipata jeni yenyewe, ile inayotengeneza protini waliyokuja kuiita TRPV1, ambayo hukaa kwenye ngozi ya neva kama mlango mdogo. Na kumbe mlango huo haukuwekwa kwa ajili ya pilipili. Hufunguliwa na joto, likizidi nyuzi 43 hivi za Selsiasi, joto la kuumiza. Pilipili haina moto hata chembe. Inaufungua tu mlango uleule ambao moto huufungua, na ubongo, ambao hauwezi kujua ni nani aliyebisha hodi, hupiga kelele "naungua!"

Ewe mwanafunzi, mikono yako huendelea kuwaka kwa sababu kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji bali kwenye mafuta. Jipake mafuta ya kupikia kwanza, kisha unawe kwa sabuni. Na mdomo ukiwaka, kunywa maziwa, uachane na maji. Ukiwa na kuku nyumbani, huenda pia umewaona wakidonoa pilipili mbivu bila wasiwasi. Mlango wao wa TRPV1 umeundwa tofauti kidogo na kapsaisini haiufungui. Ndege hula pilipili na kusambaza mbegu zake, na mmea haukuwa na sababu ya kumfukuza msafirishaji wake.

Aliyegawana tuzo hiyo na Julius mwaka 2021 ni Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, Lebanoni, anayefanya kazi katika taasisi ya Scripps huko California. Yeye alitafuta mlango wa mguso. Kundi lake lilikuwa na seli ambazo zilitoa umeme zikidungwa kwa ncha ndogo, na orodha ya jeni 72 zilizoshukiwa. Wakawa wanazizima moja baada ya nyingine, waone ni ipi ambayo ikizimwa seli itakuwa ziwi. Mwaka 2010 walitangaza protini mbili, Piezo1 na Piezo2. Hiyo ya pili ndiyo hukuwezesha kuhisi nguo mwilini na kujua mkono wako uko wapi gizani.

Haya, sasa twende Meru.

Ukiingia Mbuga ya Kitaifa ya Meru, ile ambamo simba jike Elsa alizikwa, watu wote watakuwa wakitazama mbali wakitafuta tembo na vifaru. Wewe tazama chini, kando ya barabara, hasa asubuhi. Ukibahatika utaona vilima vidogo vya mchanga mwekundu, vyenye tundu katikati kama volkano ya kuchezea, na udongo ukirushwa nje kwa vishindo vidogo vidogo. Chini yake kuna fuko uchi. Huyu si yule fuko mwenye manyoya anayetula viazi vikuu shambani. Huyu hana manyoya, ngozi yake ni ya waridi iliyokunjamana kama soseji iliyokaa sana kwenye mafuta, macho yake ni kama punje za mtama, na meno manne marefu yamechomoza nje ya midomo. Uzito wake ni gramu 30 au 40 tu. Mtaalamu Mjerumani Eduard Rüppell alimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1842, kutokana na mnyama wa Ethiopia. Hupatikana Ethiopia, Somalia na Kenya.

Wanyama hawa huishi kama nyuki. Wanakuwa kadiri ya 70 au 80 katika pango moja, na wakati mwingine huzidi 200. Kuna malkia mmoja anayezaa, madume wachache, na wengine wote ni vibarua. Jennifer Jarvis ndiye aliyeushangaza ulimwengu kwa habari hiyo mwaka 1981. Huko Meru, Mmarekani Stan Braude amewafuatilia tangu miaka ya 1980, akiwakamata, akiwatia alama na kuwarudisha mashimoni. Ni yeye aliyeonyesha kwamba baadhi yao hutoka na kwenda mbali kuanzisha makao mapya, jambo ambalo waliowaona maabarani tu hawakulitarajia. Nao huishi zaidi ya miaka 30. Panya wa ukubwa huohuo huhesabiwa mzee akifikisha mitatu.

Ngozi hiyo iliyo uchi ina maajabu yake. Ukichunguza sana utaona nywele chache chache ndefu, zimepangwa kwa safu kama miche ya sukumawiki. Ukiugusa unywele mmoja ulioko mgongoni, mnyama hugeuka na kuleta pua yake mahali hasa ulipomgusa. Zile nywele ndizo macho yake gizani. Na meno pia. Mwaka 2002 Kenneth Catania na Michael Remple walionyesha kwamba karibu thuluthi moja ya sehemu ya ubongo wake inayopokea hisia za mwili imetengwa kwa ajili ya meno ya mbele.

Na uchungu je? Hapa nataka nitaje jina ambalo wanafunzi wetu hawalisikii vya kutosha. Kabla maabara za Ulaya na Marekani hazijavutiwa na uchungu wa fuko huyu, Mkenya Titus Kanui wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa tayari ameuchunguza. Pamoja na Kjell Hole wa Bergen, Norway, alipima hata uchungu wa mamba, akaonyesha mwaka 1990 kwamba mamba naye huumia kwa joto na kwa pilipili. Mwaka huohuo wawili hao walichapisha habari ya ajabu. Waliwapa fuko uchi mofini, dawa ambayo sote tunajua hutuliza maumivu, kisha wakapima wanachukua muda gani kuinua miguu kwenye sahani yenye joto. Badala ya kutulia, wanyama wale waliusikia moto upesi zaidi, na walipokuwa pamoja wakashambuliana vikali. Lakini mwaka 1993, Kanui na wenzake walipotumia aina nyingine ya uchungu, ule wa kudungwa fomalini kidogo mguuni, mofini ilituliza kama kawaida. Kwa mnyama mmoja, dawa moja, uchungu wa moto na uchungu wa kemikali vilipita njia tofauti. Najua wapo wasomaji ambao hawatapenda habari za wanyama kuchomwa na kudungwa. Mimi mwenyewe nilisoma kurasa hizo huku nimekunja uso.

Kisha kukaja ugunduzi wa mwaka 2008. Thomas Park wa Chicago na Gary Lewin wa Berlin, pamoja na wenzao, waliwadunga fuko uchi kapsaisini mguuni. Panya angelamba mguu ule kwa dakika kadhaa. Fuko hawakujali. Wakajaribu asidi hafifu, mfano wa maji ya limau kwenye mkato. Hawakujali vilevile. Ila ukiwabana wanahisi, na moto wanauhisi.

Kuhusu pilipili, ilibainika kwamba neva zao zinaamka, lakini kwenye ngozi hazina ile kemikali iitwayo dutu P ambayo kwa kawaida hupeleka habari mbele kwenye uti wa mgongo. Ni kama simu inayolia katika nyumba isiyo na mtu. Watafiti walipoingiza jeni ya dutu P katika mguu mmoja kwa kutumia virusi, fuko walianza kuulamba mguu ule wakiwekewa pilipili. Asidi, hata hivyo, haikuwasumbua bado. Jibu la asidi lilipatikana mwaka 2011, wakati Ewan St. John Smith na Lewin walipoonyesha kwamba protini nyingine ya neva, iitwayo Nav1.7, imebadilika kidogo sana katika fuko hawa. Kwetu sisi asidi huiamsha neva. Kwao, asidi huifunga Nav1.7 kwa nguvu kiasi kwamba neva inanyamaza, kana kwamba imedungwa ganzi.

Kwa nini mnyama ahitaji jambo kama hilo? Kumbuka ile soda unayoinywa kwa pupa na gesi yake ikakupanda puani hadi machozi yakakutoka. Ile ni hewa ya kabonidayoksaidi inayogeuka asidi kwenye unyevu wa pua. Sasa fikiria fuko themanini wamelala wamerundikana katika chumba kimoja chini ya ardhi, kisicho na dirisha, wakivuta pumzi waliyokwisha kuitoa wenzao. Anayeumizwa na asidi hatapata usingizi humo.

Na yule fuko wetu wa mashambani, mwenye manyoya, ambaye kule Embu na Meru tunamtegea kwa kijiti na kitanzi na kumlipa mtegaji kwa kila kichwa? Mwaka 2019 kundi la Lewin lilichapisha uchunguzi uliolinganisha aina kadhaa za wanyama wachimbaji wa Afrika, na yeye akiwemo. Naye pia hakujali asidi. Si ndugu wa karibu wa fuko uchi, lakini amefika palepale kwa njia yake. Nilipoisoma habari hiyo niliwaza viazi vyangu vyote alivyovila, nikamwonea heshima kidogo. Kidogo tu.

Sasa msomaji, ile Nav1.7 haiko kwa fuko peke yake. Unayo, ninayo. Mwaka 2006 daktari Geoffrey Woods wa Cambridge na wenzake walieleza habari za jamaa za kaskazini mwa Pakistani ambazo watoto wao kadhaa walizaliwa na jeni ya Nav1.7 iliyoharibika kabisa. Walihisi mguso, walihisi joto na baridi, lakini uchungu hawakuujua hata siku moja. Wa kwanza kusikika alikuwa mvulana aliyejipatia riziki kwa kuonyesha michezo barabarani, akijidunga visu mikononi na kutembea juu ya makaa. Woods alikusudia kumwona, lakini mvulana alikuwa amekwisha kufa, kabla ya kutimiza miaka 14, kwa kuruka kutoka juu ya paa la nyumba. Wenzake walikuwa na midomo na ndimi walizojitafuna wenyewe utotoni, na mifupa iliyovunjika bila mtu kujua.

Makampuni ya dawa yaliisoma habari hiyo kwa namna nyingine. Walijiuliza kama wangeweza kuifunga Nav1.7 kwa muda tu, baada ya upasuaji kwa mfano, bila kumlewesha mgonjwa kama mofini. Wamehangaika sana na Nav1.7 bila mafanikio makubwa. Aliyewafaa ni ndugu yake, Nav1.8. Mwezi Januari 2025 Marekani iliidhinisha suzetrigine, dawa inayoifunga hiyo, kwa maumivu makali ya muda mfupi.

Hayo ni ya mbali. Tulio hapa tuna mambo mawili ya karibu zaidi.

La kwanza ni miguu kama ya cucu. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, neva huharibika, na zile ndefu kuliko zote, zinazofika kwenye vidole vya miguu, ndizo hutangulia. Mwanzoni huenda mgonjwa akahisi ganzi, au kama anatembea juu ya pamba, na wengine huchomwachomwa usiku. Kisha kimya. Msumari unaingia kwenye kiatu na mtu anatembea nao tangu asubuhi hadi jioni. Kidonda kinaoza, na mwisho wake mguu unakatwa. Ikiwa una mzazi mwenye ugonjwa huu, usimwulize kama miguu inamuuma. Mvue soksi uitazame, hata katikati ya vidole. Kung'uta viatu vyake kabla hajavivaa. Maji ya kumwosha yapime kwa kiwiko chako wewe mwenye hisia. Na moto wa mafiga asiuote kwa miguu, hata kama ameuota hivyo miaka sabini.

La pili ni kinyume chake. Uko uchungu ambao hauna habari mpya ya kumpa mtu. Mwenye saratani iliyoenea anajua tayari kwamba ni mgonjwa, na uchungu unaendelea kupiga kengele usiku na mchana. Adhabu ya kaburi, walisema wahenga, aijuaye maiti. Kwa huyo, mofini ya kunywa, ambayo ni unga ulioyeyushwa kwenye maji na hupewa kila baada ya saa nne, ni dawa ya bei nafuu na isiyo na mfano. Nairobi Hospice ilianza kazi hiyo mwaka 1990, na leo Meru kuna Meru Hospice, na Embu kuna Embu-Mbeere Hospice. Hata hivyo, mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wa Kenya waliokuwa wakiugua kwa maumivu yaliyoweza kutulizwa, kwa kuwa mofini haikuwepo hospitalini au wahudumu waliiogopa. Woga huo nimeukuta kwenye jamaa zetu pia. Watu husema, "Akipewa mofini, basi amekwisha." Ninyi mnaosoma uuguzi na udaktari, hili liko mikononi mwenu zaidi kuliko mikononi mwangu.

Kidonda cha cucu kilichukua karibu miezi mitatu kupona. Siku hizi binti yangu humchunguza miguu kila tunapofika kwake, kwa tochi ya simu, kidole baada ya kidole, kwa ukali wa mkaguzi wa shule. Wakati wa Pasaka nilimsimulia cucu habari zote hizi, za pilipili na za fuko uchi wa Meru. Alisikiliza vizuri, akacheka kwa sehemu ya soseji, kisha akanyamaza kidogo.

"Na huyo fuko," akaniuliza, "miguu yake inatazamwa na nani?"

Nilimwambia wako themanini nyumba moja. Akatikisa kichwa, akasema basi ana bahati, akasogeza kigoda chake mbali na moto kwa kiasi cha shibiri moja.

Barua zenu naendelea kuzipokea. Jumapili ijayo nitamjibu msomaji wa Chuka anayetaka kujua kwa nini kujikuna huondoa mwasho, na kwa nini mwasho hurudi mara tu mtu anapoacha.